Kutoka Kosa la Utoro Hadi Haki ya Kusikilizwa: Habari za Sheria ya Kazi Katika Kenya

Desturi ya kijitabu hiki ni kwamba baada ya hesabu za fedha na majina ya waliochaguliwa, huachwa kurasa chache kwa habari za zamani. Mwaka huu Halmashauri imeagiza habari za sheria ya kazi, na sababu yake yafahamika. Katika barua ambazo wanachama humletea karani azisome au azijibu kwa niaba yao, nyingi ni barua za kuachishwa kazi. Mwanachama hufika na karatasi mkononi, mara nyingine ina mistari mitatu tu, na swali lake ni moja: je, wana ruhusa ya kunifanyia hivi? Jibu la swali hilo limebadilika mara kadha wa kadha tangu mwaka 1906, na kwa muda mrefu swali lenyewe halikuulizwa na mfanya kazi kamwe. Aliyeuliza ni bwana, naye aliuliza kinyume: je, mtu huyu ana ruhusa ya kuniacha?

Sheria ya kwanza kubwa ya kazi katika nchi yetu iliitwa Sheria ya Mabwana na Watumishi. Ilitungwa mwaka 1906, wakati nchi ingali ikiitwa Himaya ya Afrika ya Mashariki, nayo ilifuata mfano wa sheria ya Transvaal huko Afrika ya Kusini. Mtu akikubali kazi kisha asifike, au akiondoka kabla ya muda wake kwisha, au akilewa saa za kazi, au akizembea, au akimtolea bwana wake maneno ya matusi, hakudaiwa kama mtu aliyevunja mapatano na mwenziwe. Alipelekwa mbele ya hakimu kama mhalifu, akatozwa faini au akatiwa kifungoni. Ni kweli kwamba bwana naye aliwekewa wajibu, kama vile kutomzuilia mtumishi mshahara wake, na aliweza kushtakiwa. Lakini mpagazi asiyejua kusoma, aliye mbali na kwao siku nne za mwendo, angempelekaje mwenye shamba kortini? Shamba lilikuwa la bwana, na hakimu alikuwa rafiki wa bwana.

Jambo ambalo wasomaji wengi hawalijui ni hili. Huko Uingereza kwenyewe Bunge lilikuwa limekwisha kuifuta adhabu ya namna hiyo mwaka 1875. Tangu mwaka huo mfanya kazi wa Manchester aliyeacha kazi kabla ya siku zake aliweza kudaiwa fidia, lakini hakufungwa kwa kuvunja mapatano, isipokuwa katika kazi chache kama zile za gesi na maji ya mji, ambazo kuachwa ghafula kungeleta hatari kwa watu wote. Miaka 31 baadaye kifungo kile kile kikaandikwa katika sheria za Kenya. Baadhi ya wazee wetu husema kwamba hayo yalitokana na ujinga wa zamani. Mimi siwezi kukubali neno hilo. Walioitunga sheria hii walitoka katika nchi iliyokuwa imekwisha kuikataa kwa ajili ya watu wake.

Hata hivyo watu waliendelea kutoroka. Mwaka 1912 Serikali iliunda tume ya kuchunguza habari za kazi ya Waafrika, nayo ilisikiliza mashahidi hadi mwaka 1913, Wazungu na Waafrika pia. Tume iliambiwa waziwazi kwa nini watu hukimbia: chakula kibaya au kichache, mahali pabaya pa kulala, viboko, na mshahara uliokatwa au kucheleweshwa. Mtu angalitazamia kwamba baada ya kusikia hayo dawa ingekuwa ni chakula na mshahara. Dawa iliyopendekezwa na kushikwa kwa nguvu zaidi ilikuwa kuwaandikisha Waafrika wote wanaume ili mtoro apate kujulikana popote aendapo. Sheria ya kuwaandikisha ilipitishwa mwaka 1915. Vita vikazuia, kwa kuwa wanaume walikuwa wakichukuliwa kwa maelfu kubeba mizigo ya jeshi, na jina la Kariokor katika Nairobi lingali likitukumbusha habari hiyo. Vita vilipokwisha, kuanzia mwaka 1919 na 1920, kipande kikaanza kutolewa.

Vijana wa leo wamezoea kusema "kipande" wakiwa na maana ya kitambulisho tu, kwa hiyo yafaa kueleza kilivyokuwa. Kila mwanamume Mwafrika wa umri wa miaka 16 na zaidi alipigwa alama za vidole, akapewa karatasi yenye jina lake, kabila lake na mahali pake. Karatasi hiyo ilikaa ndani ya kikasha cha bati kilichofungwa kwa kamba, na wengi walikivaa shingoni. Wako waliokifananisha na kengele ya mbuzi, na mfano huo haukuwa wa mzaha. Ndani ya karatasi mwajiri aliandika jina lake, tarehe ya kuanza kazi, kiasi cha mshahara, na tarehe ya kumruhusu mtu aondoke. Hapo ndipo nguvu ya kipande ilipokuwa. Mtu asiyeandikiwa ruhusa na bwana wa kwanza hakuweza kupata kazi kwa bwana wa pili bila kujulikana kuwa ni mtoro. Na kwa kuwa mshahara wa zamani ulionekana pale pale, bwana mpya hakuwa na haja ya kukisia: alijua mtu huyu alikuwa amezoea kulipwa shilingi ngapi, naye hakutoa zaidi. Kukutwa bila kipande lilikuwa kosa. Karatasi moja ilifanya kazi ya askari, ya karani na ya mlinzi wa mishahara midogo.

Wakati huo huo, mwezi wa Oktoba 1919, kwa amri ya Gavana Edward Northey, ilitolewa barua ya Serikali iliyowataka maofisa na machifu wawahimize vijana wao watoke wakafanye kazi katika mashamba ya walowezi. Neno lililoandikwa ni kuhimiza. Chifu aliyeambiwa na Bwana D.C. "himiza" alijua maana yake. Sisi tuliosoma katika shule za misheni tumezoea kuambiwa kwamba maaskofu waliipinga barua hiyo, na ni kweli waliandika wakiilalamikia. Lakini yafaa kusema habari yote. Maaskofu wa Mombasa na Uganda, pamoja na Dokta Arthur wa misheni ya Scotland, hawakukataa kazi ya lazima yenyewe. Walitaka kama lazima ipo, basi iwe wazi katika sheria na iwe na mipaka, wala isifichwe ndani ya neno la kuhimiza. Aliyekataa katakata ni Frank Weston, Askofu wa Zanzibar, ambaye mwaka 1920 alitoa kijitabu kikali juu ya jambo hilo. Mwaka 1921 Winston Churchill, aliyekuwa Waziri wa Makoloni, aliagiza kwamba maofisa wa Serikali wasishiriki tena katika kuwatafutia watu binafsi wafanya kazi.

Mwaka huo huo wa 1921 walowezi walipatana kupunguza mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja. Kodi haikupunguzwa. Ndipo Harry Thuku, kijana wa misheni ya Kambui aliyefanya kazi ya simu katika ofisi ya Hazina, Nairobi, aliposimama mbele ya watu na kuyataja yote matatu pamoja: kipande, kodi na mshahara uliokatwa. Alikamatwa tarehe 14 Machi 1922. Siku mbili baadaye watu walikusanyika mbele ya kituo cha polisi wakitaka aachiliwe, na askari wakapiga risasi. Hesabu ya Serikali ilisema waliokufa ni 21; wengine walisema ni zaidi sana. Miongoni mwa waliouawa alikuwa Mary Muthoni Nyanjiru, aliyewatolea wanaume ukali walipotaka kurudi nyuma. Thuku alihamishwa hadi Kismayu.

Miaka iliyofuata nitaipita upesi, si kwa sababu haina habari bali kwa sababu sheria ilikwenda polepole. Mwaka 1930 mkutano wa Shirika la Kazi la Dunia katika Geneva ulipitisha mkataba wa kuzuia kazi ya kulazimishwa. Mwaka 1937 Kenya ilipata sheria ya kwanza ya vyama vya wafanya kazi, na mwaka 1938 Sheria ya Mabwana na Watumishi ikapokelewa na sheria mpya ya kuajiri watumishi. Mwaka 1939 Mombasa iligoma, na mwezi wa Januari 1947 ikagoma tena, safari hii mji mzima: gati, reli, mahoteli na watumishi wa nyumbani. Kutoka mgomo huo kilizaliwa Chama cha Wafanya Kazi wa Kiafrika chini ya Chege Kibachia. Baraza la usuluhishi likaundwa chini ya Jaji Thacker, mishahara ikaongezwa. Na kabla ya mwaka kwisha Kibachia akakamatwa, akapelekwa Kabarnet. Kuongeza mshahara kwa mkono mmoja na kumwondoa aliyeuomba kwa mkono wa pili, hiyo ndiyo iliyokuwa njia ya siku zile. Mwaka 1947 pia sheria ilibadilishwa ili watu wa mataifa yote waandikishwe, si Waafrika peke yao, na kile kikasha cha bati kikapoteza nguvu yake ya kisheria.

Hapa lazima nimtaje Makhan Singh, kwa maana bila yeye habari hii haina uti wa mgongo. Alizaliwa Punjab mwaka 1913, akaja Kenya mwaka 1927, akafanya kazi katika kiwanda cha baba yake cha kupiga chapa. Mwaka 1935 alikuwa katibu wa chama cha wafanya kazi wa Kihindi, naye akakifungua kwa watu wa kila rangi. Mwaka 1949 yeye na Fred Kubai waliunganisha vyama katika baraza moja la Afrika ya Mashariki, ambalo Serikali ilikataa kuliandikisha. Mwezi wa Mei 1950 walikamatwa wote wawili, na Nairobi ikagoma. Makhan Singh alipelekwa Nyeri mbele ya Jaji Thacker, yule yule wa Mombasa, ambaye baadaye alihukumu kesi ya Kapenguria. Tangu Juni 1950 hadi Oktoba 1961 alifungiwa katika nchi za kaskazini, miaka 11 na zaidi. Alipotoka aliandika historia ya vyama vya wafanya kazi wa Kenya, iliyochapishwa mwaka 1969, imejaa tarehe, madai na majina kama daftari la karani mwema. Alifariki mwaka 1973.

Hata Serikali yenyewe ilianza kukiri. Mwaka 1954 kamati ya Bwana Carpenter, Kamishna wa Kazi, ilieleza kwamba karibu nusu ya wafanya kazi wa mijini walioajiriwa na makampuni, na kama robo ya wale wa Serikali, walipokea mshahara usiotosha mahitaji ya lazima ya mtu mmoja asiye na mke wala mtoto. Kamati ikapendekeza mshahara wa chini uhesabiwe kwa mtu mwenye jamaa. Maneno hayo yaliandikwa wakati wa Hali ya Hatari, wakati ambapo chama cha siasa cha Waafrika hakikuruhusiwa, na chama cha wafanya kazi ndicho kilichobaki kuwasemea watu. Tom Mboya, aliyesoma shule za misheni kisha akawa mkaguzi wa afya katika Baraza la Mji wa Nairobi, alikuwa katibu mkuu wa Shirikisho la Wafanya Kazi tangu mwaka 1953. Mgomo wa gati la Mombasa wa Machi 1955 ulimpa sifa, kwa sababu aliumaliza kwa kuzungumza, na watu wakaongezewa mshahara.

Mboya alipokuwa Waziri wa Kazi mwaka 1962, nchi ilikuwa imejaa migomo. Tarehe 15 Oktoba 1962 Serikali, waajiri na Shirikisho la Wafanya Kazi walitia sahihi Mkataba wa Uhusiano wa Kazi. Kila upande ulikubali kutoa kitu: waajiri walikubali kuvitambua vyama na kupatana navyo, vyama vikakubali kufuata hatua za mazungumzo kabla ya kugoma. Na mwaka 1964, kwa Sheria ya Ugomvi wa Kazi, ikaanzishwa Mahakama ya Viwanda.

Kuhusu Mahakama hiyo ningependa kusema kwa urefu kidogo, maana ndipo desturi mpya ilipofunzwa. Jaji Saeed Cockar aliiongoza tangu ilipoanza, akaendelea kwa zaidi ya miaka 20. Ni wachache katika nchi hii waliokaa muda mrefu hivyo katika sheria ya kazi peke yake. Alikaa pamoja na washauri wenye kujua mambo ya kazi. Ugomvi ulipelekwa kwanza kwa Waziri. Yeye alimtuma mpatanishi. Upatanisho ukishindikana ndipo ulipofika kortini. Hukumu yake ilikuwa ya mwisho. Mahakama iliweza kuamuru mtu arudishwe kazini au alipwe fidia, na katika kufanya hivyo iliuliza swali ambalo sheria ya mwaka 1906 haikuwa na nafasi nalo: kwa sababu gani ulimfukuza? Meneja ambaye jana aliandika mistari mitatu ilimbidi sasa asimame mbele ya katibu wa chama, ambaye huenda alikuwa fundi au karani wake, aeleze. Je, mtu huyu alionywa? Aliitwa akajieleza? Wenzake waliofanya kosa hilo hilo walitendewa namna gani? Hukumu moja ikafuatwa na nyingine, na polepole waajiri wakajifunza kuandika barua za onyo kabla ya barua za kufukuza. Mwaka 1981 Jaji Cockar alitoa kitabu juu ya chanzo cha Mahakama hiyo, ukuaji wake na taratibu zake, nacho kilisomwa na mawakili na makatibu wa vyama pia.

Wala tusiisifu kupita kiasi. Njia ya kuifikia ilipita kwa Waziri, na Waziri ni mtu wa siasa. Tangu mwaka 1973 Mahakama ilifungwa na maagizo ya Hazina juu ya kiasi ambacho mishahara iliweza kuongezwa, hata bei za vitu zilipokuwa zikipanda, na hali hiyo ilidumu hadi mwaka 1994. Na kubwa zaidi, mlango ulikuwa wa vyama. Mtumishi wa nyumbani, mlinzi wa usiku, karani wa duka dogo, wote wasio na chama, walikwenda katika korti za kawaida, na huko hukumu ilikuwa fupi: mwajiri akilipa mshahara wa muda wa ilani, amemaliza. Sheria ya Kuajiri ya mwaka 1976 haikumtaka atoe sababu. Kwa hiyo kwa miaka zaidi ya 40 watu wawili waliofanya kazi katika barabara moja waliishi chini ya haki mbili, yule mwenye kadi ya chama na yule asiye nayo.

Tofauti hiyo iliondolewa na sheria 5 za kazi zilizopitishwa mwaka 2007. Sheria mpya ya Kuajiri yamtaka mwajiri aonyeshe sababu ya kweli na ya haki ya kumwachisha mtu kazi. Anayeshtakiwa kwa kosa, uzembe au kutofaa kiafya lazima aelezwe sababu kwa lugha anayoifahamu, naye asikilizwe akiwa pamoja na mfanya kazi mwenziwe au mjumbe wa chama. Akionewa, korti yaweza kumpa fidia isiyozidi mshahara wa miezi 12, au kumrudisha kazini. Sheria hiyo ilipoanza, mtu ambaye hajatimiza miezi 13 kazini hakuweza kulalamika kwamba ameachishwa isivyo haki. Mwaka 2012 korti ilikitangua kifungu hicho kwa kuwa kilipingana na Katiba. Katiba yenyewe, ya mwaka 2010, imeandika haki ya kutendewa kazini kwa uadilifu, pamoja na haki ya kugoma, nayo iliagiza korti ya kazi iwe na hadhi sawa na Mahakama Kuu. Tangu mwaka 2014 korti hiyo yaitwa Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi.

Kuna kifungu kingine ambacho wanachama hawakitumii vya kutosha. Mwajiri ndiye apaswaye kuandika mapatano ya kazi na kuyahifadhi kwa miaka 5 baada ya kazi kwisha. Mkigombana juu ya mapatano hayo, naye asiweze kuleta maandishi, mzigo wa kuonyesha ukweli ni wake. Babu zetu walibeba maandishi ya bwana shingoni, wakafungwa yalipopotea. Kwa hiyo mwanachama asikate tamaa kwa kuwa "sikupewa barua". Alete alichonacho: kadi ya malipo, risiti ya benki, ujumbe wa simu, jina la mwenziwe aliyekuwepo.

Lakini asichelewe. Muda wa kufungua madai ni miaka 3 tangu haki yake ilipovunjwa, na korti haina ruhusa ya kuurefusha kwa huruma. Kuandikiana barua na mwajiri, au kungoja upatanisho, hakusimamishi hesabu ya siku. Wako waliokuwa na madai mazuri, wakazungumza mwaka baada ya mwaka kwa ahadi, na walipofika kortini mlango ulikuwa umekwisha kufungwa. Ofisi ya chama hupokea barua hizo Jumamosi asubuhi. Mwanachama aje na barua yenyewe, si maneno yake tu, na atazame kwanza tarehe iliyoandikwa juu.